Tangu Mlipoleta Hivi, Sijui Nani Amekufa

Somo: Waraka wa Pili wa Yohana, aya ya 12

Namshukuru Mungu aliyetuamsha salama, nami nawashukuru ninyi mlionikaribisha nyumbani mwenu asubuhi hii, wengine mkiwa bado mnakoroga chai, wengine mkiwa safarini, na wengine mkiwa kitandani kwa ugonjwa.

Somo letu leo ni fupi sana. Waraka wa Pili wa Yohana una aya 13 tu, nao ni miongoni mwa vitabu vifupi kabisa katika Biblia. Katika aya ya 12 yule mzee anawaambia ndugu zake kwamba anayo mengi ya kuwaandikia, lakini hapendi kuyamaliza yote kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika kwao waonane uso kwa uso, ili furaha yao itimie. Tafadhali liweke neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya mama yangu mzazi. Nimemwomba ruhusa, naye amenipa, akasema, "Waambie, labda kuna mama mwingine aliye kama mimi."

Mama yangu amepita umri wa miaka 75. Anakaa peke yake katika boma letu huko milimani, tangu baba alipofariki mwaka 2009. Sisi watoto wake tuko wanne, nasi sote tuko mbali. Parokia ninayoihudumu ni mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka nyumbani. Basi, kama watoto wengi, tuliona vema tumwondolee mama upweke kwa kumnunulia vitu. Mwaka 2015, wakati nchi yetu ya Kenya ilipoacha mitambo ya zamani ya televisheni na kuingia katika ile ya dijitali, tulimpelekea televisheni mpya pamoja na king'amuzi. Tukamwambia, "Mama, ndani ya king'amuzi hiki mna picha, na redio pia imo." Kwa hiyo redio ya marehemu baba ikapandishwa juu ya kabati, na hakuna aliyekumbuka tena kuinunulia betri.

Baadaye tukaona haya kwamba mama yetu bado anatumia simu ndogo ya vibonye, ile watu wanayoiita mulika mwizi. Tulitaka kuona uso wake tunapozungumza naye. Ndugu yangu akamnunulia simu kubwa ya kisasa, akaiwekea neno la siri ili wezi wasiitumie. Ile ndogo tukampa kijana anayechunga mbuzi. Tukarudi makazini kwetu tukijiona tumetimiza amri ya tano.

Mwaka jana nilipata likizo fupi nikaenda kumwona. Nilifika jioni. Nilibisha hodi, nikaingia, nikamkuta mama ameketi kitini mbele ya televisheni. Kioo kilikuwa kimeandikwa maneno ya Kiingereza kwamba malipo ya mwezi yamekwisha. Mapajani mwake mlikuwa na rimoti mbili, na ya tatu ilikuwa mkononi. Nilimwuliza, "Mama, unatazama nini?" Akajibu, "Mwanangu, nangoja kionyeshe."

Nikamwuliza, "Na simu yako iko wapi?" Akaenda chumbani, akaleta kifurushi kilichofungwa kwa leso safi, kama mtu anavyotunza vikombe vya wageni. Simu ilikuwa imezimika. Alinieleza kwamba usiku mmoja ilijibadilisha yenyewe, ikaweka programu mpya, na asubuhi ikaanza kudai neno la siri. Mama akabonyeza namba anazozikumbuka. Ikakataa. Akabonyeza tena. Ikamwambia angoje, na kila alipojaribu ikamwongezea muda wa kungoja. Mwisho moto wake ukaisha, naye akaifunga akaiweka. "Sikutaka kuwasumbua," akasema, "maana mna kazi."

Kisha akaniambia neno ambalo halijanitoka hadi leo. Alisema, "Mwanangu, tangu mlipoleta hivi, sijui nani amekufa."

Ndugu msikilizaji, wewe uliyelelewa mashambani unajua maana ya maneno hayo. Redio ya baba ndiyo iliyotuletea matangazo ya vifo. Jioni, saa ya matangazo ilipofika, watoto walinyamazishwa, na mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Jina la marehemu likatajwa, na majina ya watoto wake na wakwe zake, na siku ya mazishi. Kesho yake mama alijitwika kuni au ndizi, akaenda kuwafariji wenzake. Hivyo ndivyo alivyoishi na watu wake.

Nami niliposikia maneno yale, nilikumbuka jambo nikaona baridi mwilini. Majuma matano kabla ya siku ile, rafiki mkubwa wa mama yangu alikuwa amefariki. Walipata kipaimara siku moja wakiwa wasichana. Waliimba pamoja, na wakaingia Umoja wa Akina Mama pamoja. Tangazo la kifo chake lilipitishwa katika kundi la WhatsApp la watu wa kijijini kwetu, na mimi nililisoma nikiwa ofisini. Nikatuma mchango wangu kwa M-Pesa. Nikamwandikia mama ujumbe: pole sana kwa msiba, Bwana awe nawe. Ujumbe ule ulionyesha alama moja ya kijivu, maana yake haujafika. Niliiona alama ile. Niliiona siku ya kwanza, na juma la pili, nikasema moyoni, bila shaka ni mtandao wa kule milimani. Wala sikumtuma mtu hata mmoja aende akabishe mlango wake.

Marehemu alizikwa mwendo wa dakika arobaini kutoka kwa mama yangu, naye hakujua. Waombolezaji walidhani ni mgonjwa. Wengine walidhani ana kinyongo. Mimi, mchungaji, ninayewahubiria watu habari za kulia pamoja nao waliao, ndiye niliyemwambia mama yangu msiba ule kwa mdomo wangu, baada ya majuma matano, mbele ya televisheni inayodai pesa.

Kesho yake nilichukua simu na ile redio, nikashuka sokoni kwa fundi. Fundi huyo ni mzee, na ndiye aliyekuwa akimtengenezea baba. Alianza na simu. Aliigeuzageuza, akanionyesha jinsi kifuniko kilivyobenuka kwa sababu betri iliyo ndani imevimba. Akasema, "Mchungaji, hii haina hata skrubu moja nje. Imegandishwa kwa gundi. Nikiipasha moto ili gundi iachie, naweza kukivunja kioo, na kioo kina bei karibu na simu yenyewe. Huyu aliyeitengeneza hakutaka mimi niingie."

Kisha akaichukua redio. Alifungua skrubu nne kwa bisibisi moja. Ndani mlikuwa na kutu, maana betri za zamani zilisahauliwa humo zikavuja maji. Akasugua vyuma kwa kipande cha msasa, akalehemu uzi mmoja uliokatika, akaweka betri mpya, akazungusha kitufe. Redio ikakohoa kidogo, halafu ikasema. Kazi yote haikumaliza nusu saa.

Nilisimama pale nikakumbuka utoto wangu. Betri zilipochoka, baba alizitoa akazianika juani juu ya bati, kisha akazirudisha, nasi tukasikia taarifa ya habari jioni nyingine mbili tatu. Haukuwa uchawi. Joto la jua huichangamsha dawa iliyo ndani ya betri, ikatoa nguvu kidogo iliyobaki. Ukanda wa kaseti ulipojitokeza nje, tuliuzungusha kwa kalamu ya biki hadi ukarudi mahali pake. Kitu kilipoharibika, mtu wa kawaida aliweza kukitazama, akakielewa, akajaribu.

Je, malalamiko yetu juu ya vyombo vya siku hizi ni ya bure? Sivyo. Yako mambo ambayo ni haki kuyalalamikia. Mwishoni mwa mwaka 1924, kampuni kubwa za kutengeneza balbu za umeme zilikutana huko Geneva, Uswisi, zikapatana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa ziliweza kutengeneza zinazodumu kuliko hizo. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu mno ilitozwa faini. Fikiri, ndugu yangu: kutozwa faini kwa sababu ya kufanya kazi njema! Mapatano yale yalivunjika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, lakini tamaa iliyoyazaa haikufa. Chombo kinachofungwa kwa gundi kisifunguliwe, na kisichopatikana vipuri vyake, kinamlazimisha maskini anunue tena na tena. Na vikongwe hivyo vya miaka mitatu huenda wapi? Katika mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za vyombo vya umeme zipatazo tani milioni 62, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Nyingine humalizikia katika majalala, ambako watoto huchoma nyaya ili wapate shaba, wakavuta moshi wa sumu. Dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na sisi ni mawakili tu. Hata serikali zimeanza kuamka. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepitisha sheria kwamba kuanzia mwaka 2027 betri za vyombo vya mkononi ziwe zile ambazo mwenye chombo anaweza kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe. Hilo ni jema, nasi tuombe lifike kwetu.

Lakini, wapenzi, mhubiri hana ruhusa ya kusema nusu ya kweli. Katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 7, aya ya 10, tunaonywa tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, maana anayeuliza hivyo hakuuliza kwa hekima. Nami nikizipima siku za kale kwa haki, naona zilikuwa na maumivu yake. Nilipokuwa mtoto, shangazi yangu alifariki pwani. Barua ya kutuita ilipofika kwa posta, alikuwa amekwisha kuzikwa siku tisa. Tangazo la redio lilikuwa na malipo, na asiye na pesa alizikwa bila kutangazwa. Redio yenyewe ilikuwa ya baba, na mama hakuruhusiwa kuigusa baba alipokuwa ndani. Pesa tulizotumiwa zilipitia mikononi mwa makondakta, na nyingine hazikufika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mama yangu alipokea msaada wake siku ile ile, kwa ile simu ndogo, pasipo kumsihi mtu.

Tena, huko Livermore, katika jimbo la California, Marekani, iko balbu moja katika kituo cha wazima moto ambayo imekuwa ikiwaka tangu mwaka 1901. Watu husafiri kwenda kuitazama. Lakini mwanga wake siku hizi ni hafifu sana, huwezi kusoma Biblia yako kwao. Basi kudumu peke yake si kila kitu. Na redio ya baba iliweza kudumu kwa kuwa ilikuwa na kazi moja tu. Simu ya leo tumeitwika kazi mia, kisha tukashangaa inapoanguka njiani.

Kwa hiyo kosa langu lilikuwa wapi? Nimejiuliza sana. Gundi ile ni kosa la aliyeitia. Lakini hakuna kampuni iliyonizuia kumtuma kijana mmoja kwa mama yangu. Kosa langu ni kwamba nilituma chombo kikae mahali pangu. Nilinunua sura ya kuwapo, nikaacha kuwapo kwenyewe. Hata ile simu yenye picha tuliinunua kwa ajili yetu sisi, ili tuuone uso wa mama bila kupanda basi. Hatukumwuliza kama yeye anaitaka. Kama tungemwuliza, angetuambia aachiwe redio na simu yake ya vibonye.

Sasa turudi kwa mzee Yohana. Yohana hakudharau karatasi na wino. Alivitumia, na ndiyo maana leo tuna waraka wake. Paulo naye, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee vitabu, na hasa vile vya ngozi. Mnaweza kusoma habari hiyo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Lakini katika sura hiyo hiyo anamsihi mara mbili kwamba aje yeye mwenyewe, na kabla ya majira ya baridi. Watumishi hawa walijua kazi ya chombo, na walijua mahali kazi hiyo inapokoma. Barua huchukua habari. Mkono wa mtu begani mwa aliyefiwa hauchukuliwi na barua, wala na simu.

Na hapa ndipo ilipo Habari Njema yenyewe. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anaanza kwa kutukumbusha kwamba zamani Mungu alisema na baba zetu kwa vinywa vya manabii, mara nyingi na kwa njia nyingi. Ujumbe haukukosekana. Lakini ulipotimia wakati wake, Mungu alimtuma Mwanawe. Alikuja akakaa kwetu, akala chakula chetu, akachoka kwa safari zetu, akalia penye kaburi la rafiki yake Lazaro. Mungu aliona kwamba ujumbe peke yake hautoshi kumwokoa mwanadamu, akaja.

Basi nina maneno matatu ya kuwaachia.

La kwanza ni kwenu wana na binti mlio mijini. Kabla hujampelekea mzazi wako chombo, uliza ni nani atakayekitumia, na kikiharibika ni nani atakayekuwa karibu. Mwulize mzazi mwenyewe. Kile cha zamani anachokijua usikiondoe kabla kipya hakijazoeleka. Na ukiona siku zinapita bila sauti yake, usiseme ni mtandao. Mtume mtu. Afadhali, nenda.

La pili ni kwenu vijana na wajukuu. Bibi yako akikosea kubonyeza, usimnyang'anye simu ukamaliza mwenyewe kwa haraka. Shika kidole chake, mwonyeshe polepole, mara kumi ikibidi. Yeye alikufundisha kushika kijiko, na hukuweza siku moja.

La tatu ni kwenu wazazi wetu. Msiseme, "Sikutaka kuwasumbua." Tusumbueni. Hiyo ni haki yenu. Wala msikatae kujifunza kipya kwa sababu tu ni kipya. Mwombeni mtoto wa jirani awaonyeshe.

Siku ile ya pili, baada ya kutoka sokoni, mama na mimi tulitembea hadi kwenye kaburi la rafiki yake. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Mama alisimama muda mrefu, kisha akaimba ubeti mmoja peke yake, kwa sauti ya pili, kama alivyozoea. Sauti ya kwanza ilikuwa ya yule aliyelala pale. Tuliingia nyumbani kwa wafiwa, mama akaeleza kilichotokea, wakashikana mikono wakalia. Hapakuwa na kinyongo tena.

Leo redio ya baba iko mezani kwa mama, nayo inasema. Mama amenunuliwa tena simu ya vibonye. Nasi watoto wanne tumegawana miezi, kila mwezi mmoja wetu anapanda basi. Nakiri kwamba bado si rahisi. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu, na kazi za parokia zilinipata, nikakaribia kutuma pesa badala ya kwenda. Nilipokumbuka ile alama moja ya kijivu, nilikata tikiti.

Nawe unayenisikiliza, mimi kwako asubuhi hii ni sauti tu ndani ya chombo. Sikuoni, wala siwezi kukushika mkono. Nikikwisha kusema, utazima redio yako. Lakini karibu nawe kuna mlango wa mtu ambaye hujamwona siku nyingi. Yule jirani mzee, yule mjane wa kanisani, mzazi wako mwenyewe. Nenda ukabishe hodi leo.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa akili ulizowapa wanadamu, na kwa vyombo vinavyotuletea habari za walio mbali. Utusamehe tulipotuma vitu mahali pa upendo. Uwafariji wazee wanaongoja peke yao jioni ya leo. Uwape wanaotengeneza vyombo moyo wa haki, wasiwaonee maskini. Uwabariki mafundi wote wanaookoa kilichovunjika. Nasi utupe miguu ya kwenda, kama Mwanao alivyokuja kwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Bwana awalinde hadi tutakapoonana, na ikimpendeza, iwe uso kwa uso.